Somo: Tuchague visi nzuri kwa kuunga mbao za depo



Mavuno yakisha kuingia depo, kazi haijaisha. Gunia za maharagwe na mahindi zikikaa chini, unyevu wa sakafu unapanda na mbegu zinaoza. Ndiyo sababu tunasema kila mara: gunia zikae juu ya mbao. Lakini meza ikivunjika, mbegu ya msimu mzima inamwagika, na mtu anaweza kuumia. Mara nyingi mbao haina kosa. Kosa liko kwenye visi, ambayo wengine wanaiita skrubu.

Kuna namna ya kuunga mbao bila kuchonga ulimi. Tunatoboa mbao ya kwanza kwa mshazari, karibu na mwisho wake, kwa digri 15. Visi inapita ndani, inatokea pale mbao ilipokatwa, na inashika mbao ya pili. Kichwa kinabaki ndani ya tundu kama mkono ndani ya mfuko. Ili yashike vizuri, tuangalie mambo matano.

1. Urefu. Tupime unene wa mbao kwanza, maana mbao ya msumeno wa mkono haiko sawa kila pahali.
- Mbao ya milimita 13: visi ya 25.
- Mbao ya 19: visi ya 32.
- Mbao ya 25: visi ya 38.
- Mbao ya 38: visi ya 64.
Hivi ni vipimo vya mbao mbili zenye unene sawa. Visi ikiwa fupi, haishiki. Ikiwa ndefu, ncha inatokea upande mwingine na kupasua gunia.

2. Meno. Kwa mbao laini kama sipre na msonobari, chukua visi yenye meno makubwa, yaliyoachana. Kwa mbao ngumu, kama mkaratusi uliokomaa, chukua meno madogo, yaliyokaribiana. Meno makubwa ndani ya mbao ngumu yanaweza kuipasua, ao visi inakatika.

3. Kichwa. Chini ya kichwa pawe bapa na papana, ili kikae vizuri ndani ya tundu na kuvuta mbao. Kichwa chenye umbo la koni kinaingia kama kabari na kupasua. Kwa hiyo visi nyeusi za plafo, hata kama bei iko chini, tusizitumie hapa: kichwa chake ni koni, na chuma chake kinakatika haraka.

4. Kutu. Ndani ya depo kavu, visi iliyopakwa zinki inatosha. Lakini meza ya kuanikia kahawa inanyeshewa na mvua. Huko tutafute visi za chuma kisichoshika kutu. Bei iko juu, lakini tunanunua mara moja.

5. Uzito. Tusiachie visi peke yake kubeba gunia. Mbao ya kulala ikae juu ya mguu, ao juu ya kipande cha mbao kilichofungwa kwenye mguu. Uzito ushuke kwa mbao. Kazi ya visi ni kuvuta maungo yasiachane.

Mbao iwe kavu. Mbao mbichi inasinyaa ikikauka, na maungo yanalegea hata kama visi ni nzuri. Wakati wa kukaza, banieni mbao mbili kwa nguvu zisisogee. Mkisikia visi imefika, simameni. Mkiendelea kuzungusha, meno yanakula mbao na visi inazunguka bure.

Kazi ya kikundi: mkienda kenkayeri, bebeni kipande cha mbao yenu, wala musinunue kwa kukisia. Nunueni kidogo kwanza. Ungeni vipande viwili vilivyobaki, kisha mvivute na kuvigonga. Vikipasuka, ni hasara ya kipande tu. Vikishika, hapo ndipo makuta ya kooperative yatoke kwa kununua visi za meza yote.