Kitone cha Bluu na Watoto wa Nyumba Mbili

Andiko la kusoma nyumbani: Mwanzo 37; Luka 2:41–52

Wiki hii tunaingia katika jambo ambalo wazazi wengi wanalifanya kimyakimya, nalo ni kufuatilia kwa simu mahali mtoto alipo. Wenye mulika mwizi mtatuvumilia kidogo, ingawa mbele kidogo mtaona kwamba hata nyinyi mmo ndani. Tunaliangalia hasa kwa zile nyumba ambazo mama alikuja na wake, baba akawa na wake, na pengine Mungu akawajalia mwingine wa wote wawili. Nyumba hizo ni nyingi hapa kanisani, tusijifanye hatuzioni. Kuna waliofiwa wakaoa tena, kuna walioachana kabla ya kuokoka, na kuna walioachana wakiwa wameokoka. Watoto wao hulala siku za shule hapa na wikendi kule, ama Agosti wako kwa baba na Desemba kwa nyanya.

Hofu yenyewe si ya kuchekwa. Mtoto wa miaka 13 ametoka kwa baba yake Githurai saa kumi, anarudi kwa mama yake Kitengela. Hizo ni matatu mbili, na katikati kuna kushuka tao na kutembea kutoka steji moja hadi nyingine wakati watu wanatoka kazini. Saa moja usiku hajafika. Mama akipiga simu haishikwi. Baba akiulizwa anasema, “Mimi nilimtoa hapa mapema,” na sauti yake inaonyesha hataki maswali mengi. Mama kama huyo akiweka programu kwa simu ya mtoto, hajapungukiwa na imani. Nehemia aliomba na bado akaweka walinzi (Nehemia 4:9).

Sasa fungua Mwanzo 37. Nyumba ya Yakobo ilikuwa na watoto wa mama wanne: Lea, Raheli, Bilha na Zilpa. Raheli alikuwa ameshafariki njiani akimzaa Benyamini (Mwanzo 35), kwa hivyo Yusufu wa miaka 17 ni kijana asiye na mama, analelewa katikati ya watoto wa mama wengine. Mstari wa 2 unatuambia kwamba alikuwa akimletea baba habari mbaya, na habari hizo zilikuwa za wana wa Bilha na Zilpa. Angalia vizuri ni akina nani walioripotiwa. Biblia haisemi kwamba Yakobo ndiye aliyemtuma mara hiyo, lakini kufika mstari wa 14 anamtuma waziwazi akawaangalie ndugu zake na kumrudishia habari. Tunaweza kusema huo ni upendo wa baba, na ni kweli. Lakini ndugu walipomwona kwa mbali, hawakuona upendo. Waliona jicho la baba linakuja likiwa limevaa kanzu.

Na hata hiyo habari ya baba ilikuwa imepitwa na wakati. Yakobo akiwa Hebroni alijua vijana wako Shekemu, mwendo wa kama kilomita 80. Wao walikuwa wameshahamia Dothani. Yusufu alizunguka uwanjani mpaka mtu asiyemjua akamwelekeza. Halafu ikaletwa ile kanzu yenye damu. Yakobo akaitambua, na hapo alikuwa sahihi, kwa sababu kanzu ilikuwa ya Yusufu kweli. Kisha akajimalizia mwenyewe kwamba mnyama mkali amemla mtoto. Hiyo ilikuwa uongo, na akaomboleza zaidi ya miaka 20. Ushahidi ulikuwa wa kweli, maelezo ndiyo hayakuwa.

Kile kitone cha bluu kwenye ramani ni kanzu kama hiyo. Simu hujua mahali ilipo kwa kusikiliza setilaiti, milingoti ya mitandao na Wi-Fi zilizo karibu. Katikati ya magorofa, au mtoto akiwa ndani ya nyumba, kitone kinaweza kuruka hadi jengo la jirani. Simu ikiisha chaji au bando, unachoona ni mahali ilipoonekana mara ya mwisho, si mahali mtoto alipo sasa. Mzazi anaona kijana yuko kwenye baa saa mbili usiku, kumbe chini ya jengo hilo hilo kuna kibanda cha chipsi. Na hata kitone kikiwa sawa kabisa, kinakuonyesha simu iko wapi. Hakisemi mtoto yuko na nani, amekula, au ana furaha.

Katika nyumba ya wazazi wawili waliozaa pamoja, pengo hilo hujazwa na swali moja tu kwa mtoto. Katika nyumba zetu hizi za kuunganishwa, mara nyingi hujazwa na ugomvi wa zamani, na hapa nataka tukae kidogo.

Mtoto ameenda kwa baba yake Jumamosi. Mama anafungua ramani saa nne usiku, anaona simu iko mahali asipopajua. Hampigii baba, anangoja. Jumapili jioni mtoto hajavua hata viatu, maswali yameanza. “Jana usiku mlikuwa wapi? Baba yako alikuwa? Yule mama naye?” Mtoto anajibu kwa kunyoosha mabega. Wikendi inayofuata anaulizwa tena. Wikendi ya tatu simu “imesahaulika” nyumbani au imezimwa tangu asubuhi, na mama anakuja kwa mchungaji akisema mtoto ameanza tabia ya kujificha. Mama, mtoto huyo hajifichi. Anamficha baba yake. Amegundua kwamba mfukoni mwake kuna kitu kinachopeleka habari za nyumba moja hadi nyingine, na amechoka kuwa Yusufu.

Na wewe wa mulika mwizi, hapa ndipo uko. Huhitaji ramani kumfanya mtoto kazi hiyo hiyo. “Huko nani alikuja? Walinunua nini? Nguo hizi ni za nani?” Huko ni kufuatilia kwa mdomo, na kunamchosha mtoto vile vile.

Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 53, inampa mama na baba jukumu sawa la kumtunza mtoto, wawe wameoana au la. Mama kuolewa kwingine hakumfuti baba, wala baba kuoa tena hakumfuti mama. Kwa hivyo kama unaweka programu ya kumfuatilia mtoto, mzazi wa pili ajue kabla, hata kama hamwongei vizuri. Ujumbe mfupi unatosha: nimeweka, sababu ni safari ya Ijumaa na Jumapili, wewe pia ukitaka kuona nitakuwezesha. Jambo hili lina upande wa ufundi pia. Family Link ya Google, ambayo wengi wanaitumia, humweka mtoto katika kundi moja tu la familia. Ukishamwingiza kwenye kundi la nyumba yako mpya, nyumba ile nyingine haiwezi kumwingiza kwenye la kwao. Ni kama kumwandikisha mtoto ubini mpya bila kuuliza mtu.

Wengi wanauliza kama baba wa kambo au mama wa kambo naye anaweza kumfuatilia mtoto. Katika Luka 2, Yesu wa miaka 12 alibaki Yerusalemu, na wazazi walisafiri siku nzima wakidhani yuko kwenye msafara. Walipompata baada ya siku tatu, Mariamu ndiye aliyeongea, naye akamtaja Yusufu kama baba aliyekuwa akimtafuta pamoja naye. Yusufu, ambaye hakumzaa, alikuwa ametembea kila hatua ya kutafuta, lakini tunasoma maneno ya mama tu. Naona hekima hapo. Mzazi mwenyewe aongee na mtoto, aeleze, aombe. Wa kambo atembee kwanza na mtoto barabarani, ampeleke steji, amngoje akichelewa, kabla ya kupewa ramani ya maisha yake. Na kama mnafuatilia wa kambo huku wale mliozaa pamoja wanazurura bila kuulizwa, mmeshona kanzu nyingine ya Yusufu, na watoto wameiona.

Kuweka programu kwa siri mimi sikubali. Mtoto wa sekondari ataigundua tu, ama mwenzake atamwonyesha, na siku hiyo atajua kwamba nyumba mpya inamwona kama mshukiwa. Afadhali yale ambayo mtoto anafanya mwenyewe. WhatsApp ina njia ya kutuma mahali ulipo kwa dakika 15, saa 1 au saa 8, kisha inajizima. Akipanda matatu anatuma kwa wazazi wote wawili, akifika imekwisha. Kwa wengi wetu hilo linatosha, maana watoto wengi wa sekondari wako bweni ambako simu haziruhusiwi, na mambo haya hufufuka likizo tu.

Lakini kuna nyumba ambazo niliyosema juu ya kumjulisha mzazi wa pili hayafai. Kama ulitoroka mkono wa mtu anayepiga, simu ya mtoto inaweza kumwonyesha mlango wako mpya. Fungua Google Maps kwenye simu hiyo, bonyeza picha ya akaunti juu, ingia sehemu ya kushiriki mahali, uone ni nani wanaopokea. Kama simu alinunua yeye na akaunti aliifungua yeye, tafuta mtu unayemwamini akusaidie kuanza na akaunti mpya. Usingoje.

Na kuna mtoto anayezima simu kwa sababu mtu anayeifuatilia ndiye anayemwogopa, na mtu huyo analala nyumba moja naye. Mtoto akikwambia hataki baba fulani, mjomba fulani au kaka wa kambo ajue aliko, usimwambie aheshimu wakubwa. Muulize kwa upole, umwamini, uondoe jicho la mtu huyo kwa simu hiyo siku hiyo hiyo. Kama kuna kuguswa au kupigwa, jambo hilo halimalizwi kwa ofisi ya mchungaji wala kwa wazee wa ukoo. Piga 116, nambari ya bure ya kusaidia watoto, usiku au mchana, au uende kwa ofisa wa watoto ama dawati la jinsia kituo cha polisi. Kanisa litakusindikiza.

Ushirika wa nyumbani wa Jumatano utasoma Mwanzo 37 yote kwa sauti. Viongozi, msimlazimishe mtu kueleza mambo ya watoto wake mbele ya wengine. Swali la kujadili ni hili: kama Yakobo angewaambia wana wote kumi mapema kwamba Yusufu atakuja kuwaangalia, na kwa nini, nini kingebadilika Dothani? Wazazi wanaotaka kukaa na mzazi wa pili na wanahitaji mtu wa tatu katikati, waone wazee wa familia Jumapili baada ya ibada ya pili. Mtoto asije siku hiyo.