Kwa Nini Watu Hulewa kwa Mkupuo Msimu wa Korosho

Mkulima wa korosho wa Nachingwea au Ruangwa hupalilia, hupulizia salfa na kuokota kwa miezi mingi, ilhali fedha zake huingia kwa siku chache tu, baada ya minada ya chama kikuu cha RUNALI. Unywaji wa wengi hufuata mwendo huohuo: miezi mikavu, kisha usiku mmoja wa chupa nyingi. Huo ndio tunaouita ulevi wa mkupuo. Shirika la Afya Duniani huuhesabu kuanzia gramu 60 za kilevi halisi katika kikao kimoja, yaani takriban chupa 3 za bia za mililita 500 zenye nguvu ya asilimia 5. Wengi huzivuka kabla nyama haijaiva.

Si kwamba wanywaji hao hukusudia kulewa. Wakiketi watano na kununuliana kwa zamu, chupa tano zimekwisha hesabiwa kabla mtu hajaulizwa kama ana kiu, na aliyenunuliwa huona haya kuondoka kabla naye hajanunua. Tumbo tupu huharakisha ulevi. Isitoshe, kilevi hudhoofisha uamuzi: chupa ya nne huagizwa na akili iliyokwisha kulewa.

Gongo ya mabibo ina hatari zaidi. Mabibo hayana gharama, yametapakaa chini ya mikorosho, hivyo bei yake huwavuta wengi hata fedha za mnada zinapokwisha. Sheria ya mwaka 1966 inaikataza. Haina lebo wala kipimo. Mnywaji hajui nguvu yake, na pombe yenye methanoli, iwezayo kupofusha au kuua, haitambuliki kwa ladha.

Tunamshauri mlaji apange matumizi na mwenzi wake kabla malipo hayajaingia, ale kwanza, ajilipie chupa yake mwenyewe, na aiache nyumbani simu yenye salio. (Kukopa kilabuni kwa ahadi ya mnada ujao ni kuuza korosho ambazo hazijapimwa.)

Aliyelewa asipoamshika, akipumua polepole au akilalamika kuwa haoni vizuri, hata kama ni siku ya pili, apelekwe hospitali mara moja. Alazwe ubavu, asipewe kahawa, wala asiachwe peke yake.