UPEPO UKIFUNGIWA

Wakati wa sikukuu wazazi huwanunulia watoto maputo. Wengine huyaita mapulizo. Baba hulipuliza puto, kisha hulifunga kwa uzi. Mkulima wa Masumbwe naye hujaza upepo katika baiskeli yake kabla ya kufunga gunia la mpunga. Kazi hizi mbili zinafanana. Zote ni kazi za kufungia hewa.

Hewa ni hii tunayoivuta puani. Haionekani, lakini ni kitu. Inahitaji nafasi, na ina nguvu. Ikifungiwa, husukuma pande zote: juu, chini na ubavuni. Ndiyo maana puto huvimba pande zote.

Pumzi ya kwanza

Kila aliyepuliza puto anajua kuwa mwanzo ni mgumu. Mashavu huuma. Baadaye kazi huwa rahisi. Kwa nini?

Puto likiwa dogo, ngozi yake imepinda sana, tena ni nene. Hubana hewa kwa nguvu. Likitanuka, ngozi huwa nyembamba na mpindo wake hupungua. Basi halibani kama mwanzo. Karibu na mwisho mpira umekwisha kuvutika, nao hukaza tena. Ukiendelea kupuliza, puto hupasuka. Wahenga walisema: ngoma ikilia sana, haikawii kupasuka.

Ukilivuta puto kwa mikono kabla ya kupuliza, mpira hulainika. Pumzi ya kwanza huwa nyepesi.

Jaribio

Tafuta maputo mawili ya aina moja na bua la jani la papai. Bua hilo lina tundu katikati. Puliza puto moja liwe kama chungwa. Lingine liwe kama boga. Yabane shingo hewa isitoke. Fungia moja huku na jingine kule mwishoni mwa bua. Kabla ya kuziachia shingo, liulize darasa: hewa itakwenda wapi?

Wengi watasema puto kubwa litajaza dogo. Sasa achia. Puto dogo hunywea, na kubwa huzidi kuvimba! Puto dogo ndilo linalobana hewa kwa nguvu zaidi. Basi ukubwa usikudanganye. Nguvu ya upepo haipimwi kwa macho.

Mpira wa baiskeli

Zamani magurudumu ya baiskeli yalikuwa na mpira mgumu usio na upepo, nayo yalitikisa sana. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, huko Ireland, alipewa hati ya uvumbuzi wa mpira wa kujazwa upepo. Hewa hubeba mzigo, na tena hupunguza mtikisiko.

Pumzi ya mtu haitoshi kujaza mpira wa baiskeli. Hewa ya humo hubanwa kwa nguvu nyingi kuliko ya puto. Kwa hiyo tunatumia pampu. Baada ya kupiga pampu mara nyingi, gusa mwisho wake. Una moto. Hewa ikibanwa upesi hupata joto.

Na hewa iliyofungiwa ikipata joto, husukuma zaidi. Tairi kuukuu lenye nyufa, lililojazwa kupita kiasi na kuachwa juani, linaweza kupasuka. Likipasuka njiani na mzigo, mtu huanguka. Upepo ukipungua nako kuna hasara. Gurudumu likigonga jiwe, rimu huibana tyubu na kuitoboa.

Basi fanya hivi:

1. Soma namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi. Sasa unajua kusoma. Mwombe fundi akuonyeshe namba ya upepo. Kama pampu yake ina geji, mshale usipite namba hiyo.
2. Weka baiskeli kivulini, hasa ikiwa na mzigo.
3. Tairi lenye nyufa au lililovimba upande libadilishe.

Tuwalinde watoto

Puto si kitu cha kuachiwa mtoto mdogo. Kipande cha puto lililopasuka ni chembamba na laini. Mtoto akikinyonya kinaweza kuziba koo, asiweze kupumua. Mtoto wa chini ya miaka 8 asipulize puto. Mkubwa amsaidie, na akae naye anapocheza. Likipasuka, okota vipande vyote mara moja.

Hewa ni ya bure, nayo hutusaidia kubeba mazao yetu. Lakini tuifungie kwa kipimo.

Maswali

1. Kwa nini puto huvimba pande zote?
2. Kwa nini pumzi ya kwanza ni ngumu?
3. Katika jaribio, hewa ilitoka puto lipi kwenda lipi?
4. Kwa nini baiskeli yenye mzigo iwekwe kivulini?
5. Nyumbani, tafuta namba ubavuni mwa tairi. Iandike daftarini, uje nayo darasani.