Kwa Nini Mtumbwi Hupinduka: Fizikia ya Kuchagua Chombo cha Kuvulia Ziwani

Mtu anayekwenda kununua chombo cha kuvulia ziwani, kiwe mtumbwi wa gogo, mtumbwi wa mbao au kayaki ya plastiki, kwa kawaida hutazama bei, urefu, na kama mahali pa kukaa panampendeza. Ni mara chache atachukua futikamba na kupima upana wa chombo pale usawa wa maji unapofika, au kimo cha kiti kutoka chini. Hata hivyo, vipimo hivyo viwili ndivyo vinavyoamua, usiku wa upepo, kama mvuvi atabaki juu ya chombo au atakuwa majini akikishikilia.

Jambo hili si la kubahatisha. Mwanafunzi anayeifahamu kanuni ya Archimedes, momenti na tanjenti anaweza kulihesabu kwa kalamu na karatasi.

Chombo kinachoelea kimeshikwa na kani mbili zilizo sawa. Ya kwanza ni uzito wa chombo na vyote vilivyomo, unaovuta kwenda chini kupitia kitovu cha uzito, ambacho tutakiita G. Ya pili ni msukumo wa maji kwenda juu, unaopita katika kitovu cha ile sehemu ya chombo iliyozama, tukiite B. Chombo kikiwa wima, B na G vimo katika mstari mmoja. Kikiinama, umbo la sehemu iliyozama hubadilika, na B huhamia upande ulioinama. Sasa chora mstari wa wima kutoka B mpya kwenda juu. Pale unapoukata mstari wa katikati ya chombo ndipo penye nukta iitwayo metasenta, M. Ikiwa M iko juu ya G, kani zile mbili hukirudisha chombo wima. Ikiwa M iko chini ya G, kani zizo hizo hukipindua.

Wanafunzi wengi hudhani kwamba chombo ni imara pale tu G inapokuwa chini ya B. Sivyo. Katika mitumbwi karibu yote G iko juu ya B, na bado inaelea salama. Nadharia ya metasenta ilielezwa na Mfaransa Pierre Bouguer katika kitabu chake juu ya merikebu kilichotolewa mwaka 1746. Sehemu kubwa yake, ajabu ni kwamba, aliiandika akiwa katika milima ya Andes, alikokwenda kupima umbo la dunia.

Kwa chombo chenye umbo la sanduku, umbali kutoka B hadi M hupatikana hivi: chukua kipeo cha pili cha upana, kisha gawanya kwa mara kumi na mbili ya kina kilichozama. Tuchukue mvuvi wa kilo 75, na chombo chake pamoja na nyavu, kafi na nanga kilo 45. Jumla ni kilo 120, hivyo chombo lazima kisukume lita 120 za maji. Kwa kuwa ncha mbili zilizochongoka husaidia kidogo sana kuzuia kupinduka, tutauhesabu mtumbwi huu kana kwamba ni sanduku lenye urefu wa mita 2 tu.

Upana ukiwa sentimita 60, chombo kitazama sentimita 10. B itakuwa sentimita 5 kutoka chini, na umbali wa B hadi M ni 3,600 ÷ 120, yaani sentimita 30. Basi M iko sentimita 35 kutoka chini ya chombo.

Na G je? Kitovu cha uzito cha mtu aliyekaa kiko kama sentimita 25 juu ya kiti chake. Cha chombo na zana tukiweke sentimita 15 kutoka chini. Mvuvi akikaa juu ya ubao wenye kimo cha sentimita 5, kitovu chake kitakuwa sentimita 30, na G itakuwa (75 × 30 + 45 × 15) ÷ 120, yaani karibu sentimita 24. M inaizidi G kwa sentimita 11: chombo ni imara. Sasa mvuvi huyo achoke kukaa chini, aweke kiti chenye kimo cha sentimita 30. G itapanda hadi sentimita 40, juu ya M. Hata maji yakiwa shwari, chombo hicho hakisimami wima chenyewe. Ni mvuvi anayekisawazisha kwa kiuno chake, kama mwendesha baiskeli. Akisinzia, kitapinduka.

Tupanue chombo kiwe sentimita 80, uzito ukibaki uleule. Kitazama sentimita 7.5, na M itakuwa karibu sentimita 75 kutoka chini. Upana umeongezeka kwa theluthi moja tu, lakini umbali wa B hadi M umeongezeka zaidi ya mara mbili, kutoka sentimita 30 hadi 71. Mvuvi aliyekaa juu ya kiti cha sentimita 30 sasa ana akiba ya sentimita 35. Akisimama, kitovu chake kitafika kama mita 1 kutoka chini ya chombo na G itafika sentimita 68. Chombo kitamvumilia, lakini kwa shida.

Wapo wanaodhani tatizo la kiti kirefu litatibiwa kwa kuweka jiwe chini. Hebu tuupe ule mtumbwi wa sentimita 60 jiwe la kilo 30. G inashuka hadi sentimita 33, ni kweli. Lakini chombo kimezama zaidi, na M nayo imeshuka hadi sentimita 30. Mtumbwi bado utapinduka, na sasa ukingo wake umekaribia maji. Dawa ni upana. Wavuvi wa Ziwa Tanganyika huunganisha mitumbwi miwili au mitatu kwa miti na kushusha wavu katikati yake, na ngalawa ya pwani ina matengo pande zote mbili. Njia hizo zote mbili zinatenganisha sehemu zinazoelea, ili upana uwe mkubwa bila kuongeza mbao nyingi.

Kayaki ilibuniwa na Wainuiti wa nchi za barafu kwa ajili ya kuwinda. Ile ya Greenland ilikuwa na upana wa kama nusu mita, na mwindaji alikaa sakafuni, miguu ameinyosha. Kayaki za plastiki zinazouzwa leo kwa wavuvi zina kiti kilichoinuliwa chenye egemeo la mgongo, na ndiyo sababu nyingi zina upana wa sentimita 75 hadi 90. Anayetaka kiti kirefu hana budi kukilipia kwa upana. Wala starehe si anasa. Mvuvi aliyekaa saa sita bila egemeo, miguu ikafa ganzi, hatimaye atasimama kujinyosha, na tumeona kusimama kunaipeleka wapi G. Kwa maoni yangu kiti bora ni kile kinachoweza kushushwa wakati wa kupiga kafi na kuinuliwa wakati wa kutega, pamoja na mahali pa kukanyagia miguu.

Upana nao una gharama. Chombo kipana ni kizito kusukuma, na mvuvi aliye mbali na nchi kavu huhitaji mwendo mawingu yanapoanza kujikusanya. Sitanunua chombo cha sentimita 90 kwa kazi ya kuvuka ghuba. Tena sakafu iliyo bapa kabisa hufuata mteremko wa kila wimbi la ubavuni.

Kimo cha ukingo juu ya maji kisisahauliwe. Chombo kilicho wazi, chenye upana wa sentimita 80 na ukingo wa sentimita 15, huanza kunywa maji kikiinama digrii 20 hivi, na hapo hesabu zetu zote hubatilika. Maji yaliyoingia hukimbilia upande ulioinama, yakaivuta G pamoja nayo. Ndiyo maana upo uwe karibu na mkono, na kayaki yenye uwazi uliozibwa pande zote ina faida kubwa.

Yafuatayo ni majaribio yanayofaa kwa shule zilizo karibu na ziwa. Yafanyike siku isiyo na upepo, katika maji yasiyozidi kiuno, wote wakiwa na jaketi za kujiokolea. Mpime kwanza uzito wa chombo, wa zana na wa mwanafunzi atakayekaa kitini. Ning'inizeni timazi yenye uzi wa sentimita 60 mbele yake, na rula chini ya timazi. Wekeni dumu lenye lita 10 za maji katikati, kisha lisogezeni sentimita 30 kuelekea ubavuni, mwanafunzi akiwa ametulia kabisa. Ikiwa timazi imehama sentimita 6, tanjenti ya pembe ni 0.1. Momenti ya dumu ni 10 × 30. Igawanye kwa uzito wote, tuseme kilo 130, mara 0.1. Jibu ni sentimita 23, nao ndio umbali wa G hadi M.

Rudieni mara tatu, kila mara mkiinua kiti kwa sentimita 5, na mchore grafu. Ikiwa mwanafunzi ana kilo 75, kila sentimita 10 za kiti zitapunguza umbali huo kwa karibu sentimita 6. Endelezeni mstari wa grafu hadi ufike sifuri, kisha kimo cha kiti mtakachokipata kiandikeni kwa rangi ndani ya ubavu wa chombo.