Dawa za VVU Hazitaki Kufichwa

Vidonge vya kufubaza virusi vya UKIMWI huja kwenye kopo jeupe la plastiki, na ukilitikisa linalia. Kwa wengi mlio huo unatisha kuliko ugonjwa wenyewe. Wapo wanaobandua lebo kabla hawajafika nyumbani kutoka kliniki. Wapo wanaoshindilia pamba ndani ya kopo ili lisilie kwenye daladala, na wengine huvihamishia vidonge kwenye mfuko wa nailoni na kuvifukia ndani ya gunia la mchele, ambako unyevu na joto huviharibu. Wakija wakwe kutembea, dozi inarukwa.

Hapo ndipo unyanyapaa unapoacha kuwa maneno tu. Virusi vikikosa dawa mara kwa mara huzaliana upya, na hatimaye huweza kuwa sugu kwa dawa ile ile iliyokuwa ikivizuia. Aliyefikishwa hapo na masengenyo ya jirani amedhurika mwili, si moyo peke yake.

Hofu ina historia yake. Wagonjwa wa kwanza nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, wakati ambapo hakukuwa na dawa yoyote. Watu walikonda, wakafa, wakaacha nyumba zenye bibi na wajukuu tu. Ng'ambo ya mpaka, nchini Uganda, mwanamuziki Philly Lutaaya alitangaza hadharani mwaka 1989 kwamba anaishi na virusi. Baadhi ya watu walidhani anatafuta umaarufu. Alizunguka shuleni na makanisani akieleza hali yake, na kabla mwaka haujaisha alifariki dunia. Ulihitajika ujasiri wa aina hiyo ili wengine waanze kuzungumza.

Mambo yamebadilika mno. Dawa zilianza kutolewa bure nchini Tanzania mwaka 2004, na tangu 2016 kila anayegundulika na VVU huanzishiwa matibabu bila kusubiri kinga ishuke. Wengi humeza kidonge kimoja tu kwa siku, na mwenye maendeleo mazuri hupewa dawa za miezi kadhaa kwa mkupuo.

Jambo ambalo watu wengi bado hawajalisikia ni hili: anayemeza dawa vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo cha wingi wa virusi hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Utafiti wa PARTNER uliofanyika barani Ulaya uliwafuatilia wapenzi ambao mmoja ana VVU na mwingine hana, wakijamiiana bila kondomu huku mwenye VVU akiwa kwenye dawa na virusi vimefubaa. Matokeo yake yalitolewa mwaka 2016 na 2019. Hakupatikana hata mmoja aliyeambukizwa na mwenzi wake. Kwa mama mjamzito pia habari ni njema. Bila matibabu, watoto kati ya 15 na 45 katika kila 100 huweza kuambukizwa wakati wa ujauzito, kujifungua au kunyonya. Mama akitumia dawa ipasavyo, idadi hiyo hushuka chini ya 5.

Lakini bado kuna nyumba ambamo dada anatengewa kikombe chake na sahani yake, ingawa VVU haviambukizwi kwa kula pamoja, kuchangia choo, kukumbatiana wala kuumwa na mbu. Bado mtaani mtu akipungua uzito kidogo husemwa "amekanyaga miwaya." Na inasikitisha zaidi pale siri inapovuja kutoka kwa mhudumu wa afya, mtu aliyeaminiwa kuitunza. Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza kutoa majibu ya mtu bila ridhaa yake, kumlazimisha kupima, na kumnyanyapaa au kumbagua kwa sababu ya hali yake. Anayetendewa hivyo ana haki ya kulalamika.

Aliyeacha dawa kwa kuogopa watu asikae nyumbani akisubiri kuugua. Arudi kliniki hata leo. Atapimwa na kuendelea na matibabu. Akiona vigumu kwenda peke yake, amwombe ndugu au rafiki anayemwamini amsindikize, na anayeombwa asikatae.