Usipoziba Ufa Utajenga Ukuta: Somo kwa Wanafunzi wa Kidato cha Tatu na Wazazi Wao

Wanafunzi walio Kidato cha Tatu mwaka huu wa 2026 ndio kundi la mwisho la mfumo wa 8-4-4. Walifanya mtihani wa mwisho wa KCPE mwaka 2023, wakaingia Kidato cha Kwanza Januari 2024, na wanatarajiwa kufanya KCSE mwaka 2027. Nyuma yao hakuna Kidato cha Pili wala cha Kwanza. Wanaowafuata ni wanafunzi wa Gredi ya 10, ambao wanasoma mtaala wa umilisi na hawatafanya KCSE.

Jambo hili linagusa kila familia yenye mtoto katika kundi hilo. Miaka iliyopita, mwanafunzi ambaye hakuridhika na matokeo yake aliweza kurudi shuleni na kuketi na kundi lililomfuata. Kundi hili halina la kulifuata. Kwa hivyo mzazi asipange mambo yake akitegemea kwamba mtoto atarudia. Kazi ifanywe sasa, kabla ya Kidato cha Nne kufika.

Somo hili linaeleza jinsi gredi ya KCSE inavyopatikana, kwa nini mwaka wa Kidato cha Tatu una uzito, na hatua ambazo mwanafunzi na mzazi wanaweza kuanza kuchukua wiki hii.

Gredi ya KCSE hupatikanaje?

Kila somo hupewa gredi, na kila gredi ina pointi zake. A ni pointi 12, A- ni 11, B+ ni 10, B ni 9, B- ni 8, C+ ni 7, C ni 6, C- ni 5, D+ ni 4, D ni 3, D- ni 2 na E ni 1.

Tangu matokeo ya mwaka 2023, Baraza la Mitihani la Kitaifa, KNEC, hukokotoa gredi ya jumla kwa masomo saba. Kwanza ni Hisabati. Pili ni lugha moja ambayo mwanafunzi amefanya vizuri zaidi, iwe Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya. Kisha huongezwa masomo mengine matano aliyofanya vizuri zaidi. Jumla ya juu kabisa ni pointi 84.

Tuchukue mwanafunzi wa mfano mwenye gredi hizi mwishoni mwa muhula:

- Hisabati: D+ (4)
- Kiswahili: B (9)
- Kiingereza: C+ (7)
- Biolojia: C (6)
- Kemia: D+ (4)
- Historia: B- (8)
- Kilimo: B- (8)
- Dini: B (9)

Hisabati inaingia kwa lazima: 4. Lugha bora ni Kiswahili: 9. Masomo mengine matano bora ni Dini 9, Historia 8, Kilimo 8, Kiingereza 7 na Biolojia 6, jumla 38. Ukijumlisha zote unapata 51. Gawanya kwa 7, unapata takriban 7.29, ambayo ni C+.

Sasa tazama. Mwanafunzi huyu akipandisha Hisabati kutoka D+ hadi C, jumla inakuwa 53 na gredi yake inakuwa B-. Somo moja tu limemhamisha. Hisabati haiwezi kuachwa nje ya hesabu hata ikiwa ndiyo dhaifu kuliko zote. Wanafunzi wengi huikatia tamaa wakidhani masomo mengine yataifunika, kumbe pointi ambazo zingewavusha ziko hapo hapo.

Gredi ya jumla si hadithi yote

Katika mfano wetu, Kemia haikuingia kwenye jumla. Je, mwanafunzi aitupe? Jibu linategemea anakotaka kwenda.

Kujiunga na shahada ya chuo kikuu kupitia KUCCPS kunahitaji gredi ya jumla ya C+ au zaidi. Lakini kila kozi pia ina masharti ya masomo, na waombaji hushindanishwa kwa masomo manne yanayohusiana na kozi hiyo. Udaktari huhitaji angalau B katika Biolojia na Kemia, pamoja na B katika Hisabati au Fizikia, na B katika Kiingereza au Kiswahili. Uhandisi huhitaji angalau C+ katika Hisabati, Fizikia na Kemia. Sheria huhitaji angalau B katika Kiingereza au Kiswahili. Anayetaka kuwa mwalimu wa shule ya upili anahitaji kufanya vizuri katika masomo mawili atakayofundisha.

Kwa hivyo mwanafunzi wa mfano ana C+ ya jumla, na kwa Kiswahili chake cha B ametimiza sharti la somo kwa upande wa sheria. Ualimu wa Kiswahili na Historia pia uko karibu naye. Lakini akiwa na ndoto ya kozi za afya, Kemia ya D+ imemfungia mlango, hata kama gredi ya jumla ingepanda hadi B.

Ndiyo maana mwanafunzi wa Kidato cha Tatu anafaa kujiuliza maswali mawili, si moja: Ninataka gredi gani ya jumla? Na ni masomo gani yanayofungua mlango ninaoutaka? Akishayajibu, atajua ni wapi aongeze saa.

Kwa nini Kidato cha Tatu?

Wengi husema, "Nitaanza kusoma sana nikifika Kidato cha Nne." Hebu tuhesabu muda ulioko Kidato cha Nne. Muhula wa kwanza ni wa usajili wa mtihani na kuendeleza silabasi. Muhula wa pili una mitihani ya mwigo, na wanaosoma masomo yenye mradi, kama Kilimo na Kompyuta, wanakamilisha kazi ambayo alama zake hutumwa KNEC kabla ya mtihani wa kuandika. Muhula wa tatu ni mfupi, na mitihani ya vitendo huanza Oktoba. Nafasi ya kurudi nyuma na kujifunza upya mada iliyokosekana ni ndogo mno.

Isitoshe, mada nyingi za Kidato cha Nne zimejengwa juu ya zile za Kidato cha Tatu. Katika Kemia, asiyeelewa hesabu za moli atakwama kwenye nishati ya kemikali na elektrokemia. Katika Biolojia, asiyeelewa jinsi seli zinavyogawanyika katika mada ya uzazi atapata taabu kwenye jenetiki. Katika Hisabati, karatasi ya pili hutoka kwa sehemu kubwa katika mada za Kidato cha Tatu na cha Nne, kama vile matrisi, vekta, uwezekano na hesabu za biashara.

Ufa wa leo ni mada moja. Ukiachwa mwaka mzima, unakuwa ukuta wa mada tano.

Jua karatasi yako

Kusoma bila kujua alama ziko wapi ni kama kupanda bila kupima shamba. Kiswahili kina karatasi tatu: Insha alama 40, Lugha alama 80 na Fasihi alama 80. Kwa hivyo Fasihi peke yake ni zaidi ya thuluthi ya somo zima. Mwanafunzi anayengoja muhtasari badala ya kusoma Nguu za Jadi, Bembea ya Maisha na hadithi za Mapambazuko ya Machweo anajinyima alama ambazo angeweza kuzipata kwa kusoma tu, kwani vitabu hivyo vinajulikana mapema.

Biolojia, Kemia na Fizikia zina karatasi mbili za alama 80 kila moja na karatasi ya vitendo ya alama 40. Karatasi ya vitendo ni moja kwa tano ya somo. Mwanafunzi anayesimama nyuma maabarani akiwaachia wenzake vifaa anapoteza fursa ya kujizoeza kupima, kunakili matokeo na kuchora grafu.

Hisabati ina karatasi mbili za alama 100, kila moja kwa saa mbili na nusu. Sehemu ya kwanza ina maswali 16 ya lazima yenye alama 50. Sehemu ya pili ina maswali 8, na mwanafunzi huchagua 5 ya alama 10 kila moja. Nusu ya alama iko katika maswali mafupi. Kwa aliye dhaifu, hapo ndipo pa kuanzia.

Hatua tano za mwanafunzi

1. Orodhesha nyufa. Kwa kila somo, andika mada zote za Kidato cha Kwanza hadi hapo ulipofika. Weka alama ya vema kwa unayoweza kumfundisha mwenzako, na alama ya kuuliza kwa usiyoweza. Usijidanganye, orodha hii ni yako.

2. Chagua mada mbili kwa wiki. Moja iwe ya Hisabati. Mpelekee mwalimu swali mahususi, kwa mfano, "Sielewi hatua ya tatu hapa," badala ya kusema, "Sielewi Hisabati."

3. Funga kitabu, uandike. Baada ya kusoma kurasa chache, funga kitabu na uandike unachokumbuka. Kisha fungua ulinganishe. Rudia mada hiyo baada ya siku chache, na tena baada ya wiki kadhaa. Kusoma ukurasa mara kumi bila kujipima humfanya mtu adhani anajua.

4. Weka daftari la makosa. Kila mtihani unaporudishwa, andika swali ulilokosa, sababu ya kulikosa, na jibu sahihi. Tofautisha makosa ya kutojua na yale ya haraka, kama kuacha vizio au kutosoma maagizo.

5. Fanya karatasi za miaka iliyopita kwa saa. Anza na maswali ya mada ulizomaliza. Sahihisha kwa mwongozo wa kusahihisha, uone alama moja moja hutolewa kwa nini. KNEC pia huchapisha ripoti kuhusu makosa ya watahiniwa. Mwombe mwalimu awasomee sehemu ya somo lake.

Kazi ya mzazi na mlezi

Mzazi hahitaji kujua Kemia ili kusaidia. Anahitaji kulinda muda. Kwa mwanafunzi wa shule ya kutwa, saa moja na nusu ya jioni yenye mwanga, bila simu na bila kutumwa dukani, ni msaada mkubwa. Kazi za nyumbani zigawanywe kwa haki. Mara nyingi binti ndiye hupika, huosha vyombo na kulea wadogo huku kaka yake akisoma, na mtihani wao ni mmoja.

Likizo za Aprili, Agosti na Novemba zitumiwe kuziba nyufa zilizo kwenye orodha, pamoja na kupumzika. Kumbuka kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 hairuhusu shule kuwalazimisha wanafunzi masomo ya likizo. Kikundi cha wanafunzi wanne wa jirani wenye ratiba yao hakigharimu kitu.

Kagua stakabadhi sasa. Jina litakaloandikwa wakati wa usajili ndilo litakalokuwa kwenye cheti cha KCSE. Lilinganishe na cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi. Ikiwa cheti hakipo au kina kosa, anza kulishughulikia mwaka huu, kwani marekebisho huchukua muda. Wanaotimiza miaka 18 wafuatilie kitambulisho. Weka pamoja nakala za vitambulisho vya wazazi, na cheti cha kifo ikiwa mzazi amefariki, kwa kuwa huhitajika katika maombi ya basari na ya ufadhili wa masomo ya juu.

Mwisho, jihadhari na wanaouza "mtihani" kwa simu. Wengi ni matapeli wanaokula pesa za wazazi na kutuma karatasi za uongo. Na hata pale ambapo udanganyifu umetokea kweli, matokeo ya mtahiniwa yanaweza kufutwa. Kwa kundi lisilo na wa kulifuata, hiyo ni hasara isiyo na njia rahisi ya kurekebishwa.

Njia ni zaidi ya moja

Gredi chini ya C+ si mwisho wa elimu. Mwenye C- anaweza kuomba stashahada katika vyuo vya kiufundi, na mwenye D anaweza kuomba cheti cha ufundi. Kuna pia kozi za ufundi stadi kwa waliopata gredi za chini zaidi. Baadhi ya kozi zina masharti ya juu kuliko hayo, kwa hivyo uliza kabla ya kuomba. Vyuo vya mafunzo ya ufundi vya vijijini viko chini ya serikali za kaunti kwa mujibu wa Katiba, na hufundisha kazi kama umeme, mabomba, ushonaji na ufundi wa magari. Tembelea kimoja na mtoto wako akiwa bado Kidato cha Tatu. Kujua njia zote humpunguzia mtoto hofu, na anayeketi bila hofu hufikiri vizuri.

Zoezi la wiki hii

Jioni moja, mzazi na mwanafunzi wakae pamoja na ripoti ya muhula uliopita. Andikeni pointi za kila somo. Chukueni Hisabati, lugha bora na masomo mengine matano bora, mjumlishe. Ikiwa jumla ni kati ya 46 na 52, hiyo ni C+. Kuanzia 53 hadi 59 ni B-. Kisha andikeni kozi mbili anazozitamani na masomo zinazoyahitaji. Zungushieni duara masomo mawili ambayo yakipanda yataleta tofauti kubwa zaidi. Karatasi hiyo ibandikwe ukutani, na mzazi aende nayo kwenye mkutano ujao wa wazazi ili amuulize mwalimu wa kila somo lililozungushiwa duara: mtoto wangu aanzie mada gani?