SOMO LA KIKUNDI: TUMFUNDISHE, TUMTUNZE, TUMTAMBUE ANAYEWAHUDUMIA WATOTO WENYE ULEMAVU



Somo hili ni la vikundi vilivyochagua mtu wa kutembelea nyumba zenye watoto wenye ulemavu, na vile vinavyoendesha kituo kidogo cha mchana kwa watoto hao. Lisomeni polepole, hata kama litachukua mikutano miwili. Tutafuata njia yetu ya kawaida: kuona, kutafakari, kutenda.

KUONA: Kwa nini wahudumu wanaacha?

Katika kuzunguka vijijini tumeona jambo moja likirudi. Kikundi kinaanza kwa moyo. Mhudumu anachaguliwa, anapelekwa semina ya siku tatu, anarudi na cheti na watu wanapiga makofi. Baada ya miezi sita au minane haonekani tena. Ukiuliza, unaambiwa, "Huyo alichoka," au "Huyo alitaka pesa." Ukienda kwake mwenyewe utasikia mengine. Nauli ilitoka mfukoni mwake. Shamba lake lilimea magugu. Na alipoleta habari za mtoto mkutanoni, aliambiwa angoje mambo ya mikopo yaishe kwanza. Nanyi mnajua mambo ya mikopo hayaishi.

Mhudumu akiacha, anayeumia ni mtoto. Tuchukue mfano wa mtoto aliyezaliwa na nyayo zilizopinda kwa ndani. Ulemavu huu hutibika vizuri akipelekwa mapema. Hospitalini hunyoosha mguu kidogo kidogo na kuufunga plasta, ambayo hubadilishwa kila wiki, mara nyingi plasta 5 hadi 7. Wengi huhitaji pia kukatwa kidogo mshipa wa kisigino. Halafu mtoto huvaa viatu maalum vilivyounganishwa na kipande cha chuma: kwanza karibu mchana na usiku kwa miezi 3, kisha wakati wa kulala mpaka afike umri wa miaka 4 hivi.

Hapo ndipo taabu iko. Mguu umeshanyooka na macho yanaona umepona. Mtoto analia usiku na nyanya anasema, "Mvueni hivyo vyuma." Viatu vikiachwa, mguu huanza kurudi ulikotoka. Mama huyu anahitaji mtu wa kumpitia, kumtia moyo na kuangalia kama viatu vimekuwa vidogo. Kazi ya miaka minne haiwezi kubebwa na mhudumu wa miezi sita.

KUTAFAKARI: Imani na sheria zinatuambia nini?

Katika Marko sura ya 2, mtu aliyepooza aliletwa kwa Yesu na watu wanne. Hawakuwa na cheo, na hata majina yao hatuyajui. Lakini Injili inasema Yesu aliiona imani yao, ya wale waliobeba. Tena walikuwa wanne, si mmoja. Sisi mara nyingi tunamkabidhi mama mmoja mzigo wa watu wanne, halafu tunashangaa akiutua.

Katika Matendo sura ya 6, wajane walipokuwa wakisahauliwa katika ugawaji wa kila siku, Mitume hawakusema tu, "Nani anataka kujitolea?" Walieleza ni watu wa namna gani wanaotakiwa, jamii ikachagua saba, wakasimamishwa mbele na kuwekewa mikono. Kutambuliwa kulikuwa mwanzo wa kazi. Hakukungojwa mpaka mtu ameondoka ndipo asifiwe.

Wako wanaouliza, "Kama anajitolea kwa ajili ya Mungu, ya nini kumpa kitu?" Someni Luka 10:7. Bwana mwenyewe aliwaambia aliowatuma kwamba mtenda kazi anastahili kupata riziki yake. Kujitolea maana yake ni kutoa muda na moyo. Si kunyang'anywa nauli na chakula cha watoto wako.

Naye Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika barua yake juu ya kazi ya mwaka 1981, alifundisha kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kushiriki katika kazi kwa kadiri ya uwezo wake. Basi mkitafuta wahudumu, msiwatafute tu wenye miguu mizima. Mtu anayetumia kiti cha magurudumu anaweza kumfundisha mama mengi kuliko sisi sote.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, inataka mtu mwenye ulemavu atendewe kwa heshima na aitwe kwa namna isiyomdhalilisha. Hili liwe somo la kwanza la kila mhudumu. Lugha yetu ilizoea kusema kiwete, kiziwi, kipofu, pamoja na kiti na kijiko. Mhudumu aanze kwa kumwita mtoto kwa jina lake, na nyumba nzima itafuata.

KUTENDA (1): Tumfundishe kidogo kidogo

Semina si mbaya, lakini semina peke yake haimfundishi mtu kushika mtoto. Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu cha mafunzo kwa kazi hii ya kijijini. Humo mwalimu wa kila siku ni mtu wa nyumbani, naye mhudumu wa kijiji anamwongoza. Kwa hiyo mhudumu hafundishwi tu kufanya, anafundishwa kufundisha. Ombeni mtaalamu wa mazoezi ya viungo kutoka hospitali iliyo karibu awasaidie, jambo moja kwa kila mafunzo, kwa hatua nne:

1. Mtaalamu afanye, mhudumu atazame.
2. Wafanye pamoja.
3. Mhudumu afanye peke yake, mtaalamu atazame.
4. Mhudumu amfundishe mama, mtaalamu akiwa kimya.

Mfano ni kumlisha mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Akilishwa huku amelala chali, chakula chaweza kuingia njia ya hewa, akapaliwa au akaugua kifua. Mhudumu ajifunze kumkalisha wima, kichwa kikiinama mbele kidogo, kijiko kiwe na chakula kidogo, na kungoja ameze kabla ya kijiko kingine. Somo hilo moja, likishikwa vizuri, linaweza kuokoa maisha.

Afundishwe pia mipaka yake. Asivute kwa nguvu mguu au mkono uliokakamaa. Asimwachishe mtoto dawa ya kifafa, wala asimpe dawa ya mwingine. Mtoto anayepaliwa kila mara, anayekonda au anayepata kifafa kwa mara ya kwanza apelekwe hospitali. Kujua la kumpeleka ni ujuzi, si udhaifu.

KUTENDA (2): Tumtunze

Pigeni hesabu mezani, si kichwani. Tuseme mhudumu anatembelea nyumba 5 kwa wiki, na kila nyumba nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 100. Hiyo ni 500 kwa wiki, yaani 2,000 kwa wiki nne. Kikundi cha watu 25 kitachanga shilingi 80 kila mmoja. Mwekahazina aitoe kabla ya safari, si baada.

Pasipo pesa pana mikono. Wanakikundi wanaweza kulima shamba lake siku moja kila mwezi. Wakati wa mvua anunuliwe gambuti. Na wawe wawili, ili mmoja akiugua au akifiwa, nyumba zisikose mgeni.

Kituo kikimwajiri mtu, hayo ni mambo mengine. Sheria ya Ajira ya 2007 inamhusu, na kwa mfano, baada ya miezi 12 mfululizo anastahili likizo yenye malipo isiyopungua siku 21 za kazi. Tusimwite "mtu wa kujitolea" ili tukwepe haki yake.

KUTENDA (3): Tumtambue

Wahudumu wa afya ya jamii wanajua habari hii. Kwa miaka mingi wengi wao walifanya kazi bila malipo. Mwaka 2023 serikali ilianza kuwagawia mikoba ya vifaa na kupanga posho yao. Kikundi hakina hazina ya serikali, lakini kina haya:

- Ripoti ya mhudumu iwe jambo la kwanza mkutanoni baada ya sala, na katibu aandike kilichoamuliwa. Mtu akisikilizwa na neno lake likafanyiwa kazi, ametambuliwa kuliko kwa cheti.
- Atumwe rasmi mbele ya watu, kanisani Jumapili au kwenye baraza, ili akibisha hodi ajulikane.
- Apewe barua inayotaja anachoweza kufanya: "Anajua kulisha, kukalisha, kufuatilia viatu vya nyayo." Barua hiyo itamsaidia hata akihamia kwingine.
- Akikosea, aambiwe faraghani. Akifanya vema, asifiwe hadharani kwa jambo lenyewe: "Mtoto wa nyumba ile sasa anakaa, mama amejifunza." Lakini kwanza ombeni ruhusa ya mzazi. Siri ya nyumba si ya kusifia mtu.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Mhudumu wetu wa mwisho kuacha, je, tulimwendea kumsikiliza sababu?
2. Mwezi uliopita alitumia shilingi ngapi za mfukoni mwake?
3. Ni jambo gani moja angependa kufundishwa sasa? Muulizeni yeye mwenyewe, msimjibie.
4. Ni nani kijijini petu mwenye ulemavu anayeweza kuwa mwalimu, na hatujawahi kumwomba?

Kabla ya kufunga mkutano, andikeni jambo moja mtakalotenda, nani atalitenda na siku gani. Mkutano ujao muanze nalo. Mungu awabariki katika kazi hii.